Orodha Mbili Zisizofanana

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Naandika shikamoo kwa sababu mama amesimama nyuma ya kiti changu na anasoma.

Hapa nyumbani hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini jicho limepona kabisa. Sasa anaona vumbi ambalo mwaka jana halikuwepo, na anayelifuta ni mimi. Kaka amehama, ameondoka na meza kubwa na feni. Ukuta wa uani umeanguka upande mmoja na fundi anaahidi kuja tangu Desemba. Mama anauliza kama unakula vizuri. Hilo ni swali lake, mimi sijauliza.

Sasa ameenda jikoni, nianze.

Nimekupigia mara kumi na moja hadi nikaelewa kwamba umefunga namba yangu. Barua pepe siwezi kukuandikia, maana mwanasheria wa karakana yetu anazisoma zote. Ndiyo maana unaona mwandiko wangu, ule uliosema unafanana na kuku aliyekanyaga wino.

Tarehe 11 Januari, saa nne asubuhi, kwenye wodi ya watoto njiti, mashine yetu ya kuwapasha watoto joto, namba kumi na saba, ilipiga kengele. Skrini iliandika MLANGO WAZI. Muuguzi akaufunga mlango, ingawa ulikuwa umefungwa. Kengele ikaendelea. Akaufungua, akaufunga tena, akabana komeo. MLANGO WAZI. Alihangaika na ule mlango dakika ishirini na tano, huku ana watoto wengine sita wa kuangalia. Mwisho akaingiza mkono ndani, akakuta joto kama la jikoni. Kihisi cha ngozi kilikuwa kimebanduka mgongoni mwa mtoto, mashine ikadhani mtoto ana baridi, ikazidi kupasha. Mtoto yu hai. Mgongo umeungua.

Mlango haukuwa na kasoro yoyote. Mashine ilitaka kusema JOTO KALI, skrini ikasema mlango.

Tumezisimamisha mashine zote arobaini na mbili. Nimekaa wiki tatu na faili lako la orodha. Mistari mia tatu, violezo ndani ya violezo, na hakuna hata sentensi moja ya maelezo. Mwezi wa nane niliongeza aina mpya ya onyo, ya unyevu. Niliiweka mwisho wa orodha, kistaarabu, kama mtu anayefika foleni. Sasa naikuta nafasi ya tatu, na joto limesukumwa hadi ya nne. Kwa nini? Nani aliihamisha? Tulipima kila kitu kabla ya kuzitoa mashine, kwa hiyo kosa limo ndani ya violezo vyako.

Sikuombi msamaha na sikuombi urudi. Nakuomba majibu. Jopo la uchunguzi linakaa mwezi wa tano.

Mpwa wako


9 Machi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo,

Marahaba. Mwambie dada yangu kwamba nakula, na nina chumba juu ya duka la matairi, chenye dirisha moja na jirani anayekohoa. Kazi ninayo. Ninatengeneza lifti. Lifti ikikosea ghorofa, watu wanashuka ngazi wakinitukana, na jioni wameshasahau. Kuhusu ukuta wa uani, niliwaambia miaka mitatu iliyopita kwamba msingi wake ni wa mchanga mtupu. Lakini katika nyumba ile maneno yangu husikika ukuta ukishalala chini.

Barua yako imekaa mezani kwangu siku ishirini na nane. Nilikuwa naisoma ninapochemsha chai.

Unauliza nani aliihamisha aina yako. Kompaila, yule anayegeuza maandishi yetu kuwa programu. Ulipokuwa na miaka kumi na minne nilikufundisha hilo kwa vibanio vya nguo vya mama yako, na uliniambia umeelewa. Orodha ile si orodha ya vitu. Ni orodha ya aina, na mashine ikishawashwa orodha haipo tena, imeshamaliza kazi yake. Kompaila huisoma mezani pako, kabla programu haijazaliwa. Kiolezo kinashika kichwa cha orodha, kinauachia mkia kiolezo kingine kama chenyewe. Nacho kinashika kichwa, kinaachia mkia. Hivyo hivyo hadi mkia unakwisha. Njiani kinaweza kuongeza, kuondoa, au kupanga upya. Changu hupanga: onyo lenye ujumbe mfupi linatangulizwa. Ujumbe wa unyevu ni mfupi kuliko wa joto, basi umepita mbele. Kisha kila aina inapewa namba ya nafasi yake. Umeme moja, feni mbili, unyevu tatu, joto nne, mlango tano.

Ubongo wa mashine uliita namba nne kwa maana ya joto. Skrini yako ikatazama orodha yake, ambayo haijawahi kusikia habari za unyevu, ikaona nne ni mlango. Je, uliongeza aina ya unyevu kwenye orodha ya skrini? Hukuongeza. Ungeongeza, usingeniandikia.

Kwa hiyo violezo vyangu vilifanya nilichoviambia. Wewe ndiye uliyegusa orodha moja ukaiacha ya pili. Na uliwahi kusimama kwenye kikao cha Juni, siku uliyopewa kiti changu, ukasema mbele ya watu kumi na wawili kwamba kazi yangu haisomeki. Halafu ukaongeza, kwa sauti ya huruma, "lakini Mjomba atanisaidia." Miaka kumi na tisa nimeijenga karakana ile, nikawa wa kusaidia.

Na swali langu moja: kipimo cha mezani, cha ubongo na skrini pamoja, mlikifanya siku gani?

Fundi wa lifti


17 Machi

Mjomba,

Mama anakusalimu. Fundi wa ukuta alikuja, akautazama, akasema msingi ni wa mchanga, akaondoka. Mama alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka.

Kaka amepata mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Nilipomshika nilimgusa mgongo kwanza, kabla ya kumtazama uso. Hayo ndiyo maisha yangu siku hizi.

Sawa. Niligusa orodha moja nikaiacha ya pili. Nakubali na nimeliandika kosa hilo. Lakini mjomba, usinifanye mtoto. Umeeleza kichwa na mkia kurasa mbili nzima, ukaruka kitu kimoja. Palikuwa na mlinzi.

Chini kabisa ya faili lako palikuwa na mstari mmoja. Kazi yake ilikuwa kuziweka orodha mbili ubavu kwa ubavu, ya ubongo na ya skrini, na kumwambia kompaila: hizi zisipofanana aina kwa aina, usijenge kitu chochote, simama. Ulinifanya niukariri. Ulisema programu mbovu iliyokataa kujengwa haijawahi kumuumiza mtu. Mstari ule ungekuwepo, kosa langu lingeishia mezani kwangu, na ningeona haya peke yangu.

Haupo. Nimefungua kumbukumbu ya mabadiliko. Umefutwa tarehe 14 Agosti, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, kutoka kompyuta yangu, kwa jina langu.

Tarehe 14 Agosti asubuhi nilikuwa hospitali, nimekaa kwenye benchi la bati nje ya chumba cha upasuaji, nimeshika miwani ya mama, wanamtoa mtoto wa jicho. Wewe ulisema huwezi kuja, kazi zimekubana. Kompyuta yangu niliiacha wazi, maana ni wewe uliyekaa meza ya pili, na mimi sikuwahi kufunga kitu mbele yako.

Nani alikaa kwenye kiti changu siku ile?

Na usinijibu habari za vibanio.

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Barua imefika. Hongera kwa kaka yako, mtoto awe na roho ya bibi yake na si ya shangazi yake. Magoti ya dada: maji ya vuguvugu na chumvi, na aache kupanda kigoda kufuta juu ya kabati. Jirani yangu amelazwa kwa kile kikohozi. Lifti ya jengo la ofisi za bima imekwama tena kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ikiwa na mwalimu wa muziki na ngoma yake.

Kuhusu tarehe 14 Agosti sina la kusema. Wewe nawe hujajibu swali langu la kipimo.

Usiniandikie tena habari za kazi.

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba,

Mama hajui kama naandika. Amejifungia chumbani tangu juzi nilipomwambia naenda kukutaja mbele ya jopo. Alisema, "Yule ni ndugu yangu wa tumbo moja. Usimvue nguo mbele za watu." Nikamwambia mimi je? Akasema, "Wewe u kijana, utapona." Mjomba, nina miaka thelathini na minane.

Sikuandikii kwa ajili yangu. Soma hadi mwisho, hata kama unachemsha chai.

Nilidhani katika mambo haya tupo wawili. Wiki iliyopita nilienda wodini kuchukua mashine namba kumi na saba. Nikamuuliza mhudumu muuguzi wa zamu ile yuko wapi, nimshukuru kwa kuingiza mkono. Mhudumu akanitazama kama mtu aliyetoka mwezini. "Yule? Si alisimamishwa siku ile ile. Wanasema alisoma skrini vibaya. Kengele ya joto inapiga, yeye anacheza na mlango."

Nikasema, "Skrini iliandika mlango kweli."

"Nani ameiona? Alipochomoa waya ikazima. Na mashine yenu ina karatasi ya kupimwa, imesainiwa."

Nilitafuta anapokaa. Nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, viatu vyeupe vya kazi vimepangwa mlangoni, vimesafishwa, havijavaliwa. Mama mtu mzima, miaka ishirini na mbili wodini. Alinipa kiti. Nilijitambulisha, akauliza swali moja tu: "Iliandika mlango, au niliona vibaya mimi?"

Nikamwambia iliandika mlango.

Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Hakulia. Alisema, "Miezi mitatu nafikiri nimeanza kupoteza akili."

Mjomba, kikao ni tarehe 15 Mei. Wakimkuta na hatia wanamnyang'anya leseni. Mwanasheria wa karakana amefurahi sana kwamba yuko muuguzi wa kulaumiwa. Amesema kwa mdomo wake kwamba mambo yamekaa vizuri. Mimi nitasimama nieleze namba tatu na namba nne. Lakini watauliza jambo hilo lilipitaje, na kumbukumbu inasema aliyemfuta mlinzi ni mimi. Wataniona mwongo anayejitetea, na maneno yangu juu ya muuguzi yatakuwa ya mwongo vile vile.

Hunipendi. Sawa, hilo nimelizoea, sasa hata mimi sikupendi. Mwanamke yule hajakufanyia chochote.

Swali lako la kipimo nimelisikia.

Mpwa wako


6 Mei

Mpwa wangu,

Salamu nitazifupisha. Jirani yangu amefariki, tumemzika jana. Watu watano na mimi. Nilibeba upande wa miguu. Nimeambiwa nichague kitu katika vitu vyake, nikachukua birika.

Nimekasirika unavyoandika. Unajua kumgusa mtu pale penye kidonda, na hukujifunza kwa mama yako. Basi nisikilize, na usinikatishe kama ulivyozoea kwenye vikao.

Asubuhi ile meneja aliingia saa nne na nusu, na wageni wake walikuwa wanakuja mchana. Alitaka waione mashine yenye onyo la unyevu ikiwaka, basi. Akasema, "Mpwa wako hayupo, jenga wewe." Nikakaa kwenye kiti chako. Kabla ya Juni kilikuwa changu. Ulikuwa umekipandisha juu, miguu yangu haikufika chini vizuri. Nikaamuru programu ijengwe. Mlinzi akakataa. Skrini ikajaa makosa, mistari mia mbili na zaidi, yote yakisema jambo moja: orodha hazifanani, ya ubongo ina unyevu, ya skrini haina.

Neno moja tu lilihitajika. Ningeandika unyevu kwenye orodha ya skrini, mambo yangekwisha. Nililijua neno hilo. Nilikuwa nimeshaweka vidole mezani niliandike.

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Alipoona ule utitiri wa makosa akacheka. "Ndiyo haya violezo vyako, mzee. Mpwa wako amesema akirudi anavitupa vyote."

Ulisema? Usinijibu. Najua ulisema, nilikuona ukichora mpya.

Nikaliacha lile neno. Nikashuka chini ya faili, nikamfuta mlinzi. Programu ikajengwa kimya, safi, bila kulalamika. Meneja akanipiga begani akaenda zake.

Nilichotaka ni hiki, na nakiandika mara moja tu. Nilitaka urudi, uiweke mashine mezani, ubonyeze joto, skrini iseme mlango. Nilitaka utoe macho mbele ya wote. Nilitaka uje meza ya pili uniulize, "Mjomba, hii imekuwaje?" Ningekuonyesha kwa dakika moja. Ningekuwa mtu tena.

Nilingoja tarehe kumi na sita. Nilingoja tarehe kumi na saba. Tarehe kumi na nane nikakuona unasaini karatasi ya kipimo. Mashine ya mezani, ile ya kupimia, ilikuwa imefunguliwa tangu Jumatatu, skrini yake iko kwenye boksi chini ya dirisha, nimekaa naitazama. Hukupima. Meneja alikuwa na haraka, nawe ulikuwa na cheo kipya, ukasaini. Ningeweza kufungua mdomo. Nilisema moyoni, acha avune. Mwisho wa mwezi nikafungasha vitu vyangu nikaondoka, na nilijua, na sikumwambia mtu. Nilijiambia watagundua kabla ya kusafirisha. Kila wiki nilijiambia hivyo, hadi nikaacha kujiambia.

Sijui kama nilipaswa kuogopa zaidi. Sikumfikiria mtoto yeyote. Nilikufikiria wewe tu.

Nimewaandikia jopo barua leo hii, nimesaini kila ukurasa. Kwanza nimeandika langu. La pili nimeandika lako, la kipimo, na tarehe, na boksi chini ya dirisha. La tatu nimeandika kwamba skrini lazima iliandika mlango, na haiwezekani iwe iliandika kitu kingine, na nimewachorea orodha zote mbili ili hata asiyejua kompyuta ahesabu kwa vidole.

Usidhani nimekuonea kwa kukutaja. Ningekuacha nje, ningekuwa nakufanya mtoto, na hilo umeshanikataza.

Kikaoni siji.

Mjomba wako


29 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa jirani.

Barua yako ilifika tarehe 18, siku tatu baada ya kikao. Kwa hiyo maneno yako niliyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa mwenyekiti, nimesimama, mikono nyuma, mbele ya watu saba na jagi la maji.

Nilikuwa nimeandaa ya kusema. Nilieleza foleni, namba tatu, namba nne. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akanisubiri nimalize. Akasema, "Na kipimo cha mezani mlikifanya?"

Nikasema, "Karatasi imesainiwa."

"Sikuuliza karatasi."

Ndipo akafungua bahasha akaanza kusoma. Alisoma yako, kisha yangu. Alipofika kwenye boksi chini ya dirisha nilitazama jagi la maji. Mwanasheria wa karakana alisimama mara mbili, akaambiwa akae mara mbili. Nikaulizwa tena. Nikasema hapana, hatukupima, nilisaini. Nilisema kwa sauti ndogo, wakaniambia nirudie.

Uamuzi ni huu. Wewe hutagusa tena mashine yoyote ya hospitali. Mimi nimevuliwa ukuu wa kitengo, na kwa miaka miwili sitasaini kitu. Karakana inabadilisha mashine zote arobaini na mbili, na orodha sasa ni moja tu, ubongo na skrini wanasoma faili lile lile. Nimeifanya mimi kabla ya kuondoka kwenye kile kiti, kwa violezo vyako. Sikuvitupa. Ni kweli nilisema nitavitupa, na ni kweli nilikuwa nachora vipya. Nilifika katikati nikakwama, kwa sababu vyako vilikuwa bora, na sikutaka kukuambia.

Muuguzi amesafishwa. Alirudi kazini Jumatatu. Nilimsubiri nje ya ukumbi, nikamwomba radhi, nikamweleza na habari yako. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Wiki kumi na nane nimekaa nyumbani. Mume wangu alikuwa ananiambia, labda kweli hukusoma vizuri. Sasa huyo nitamwambiaje arudi kuniamini, na mimi nitamwamini vipi?" Kisha akaniambia, "Wewe na mjomba wako mlikuwa mnagombea kiti." Akaenda zake.

Mtoto nimemwona. Mama yake alinifunulia mgongo: kovu refu, jekundu, upana wa vidole viwili. Ananyonya vizuri na ana hasira. Mama yake hakutaka maelezo ya orodha. Aliniuliza kama mashine nyingine zimezimwa, nikasema ndiyo, akafunga mlango.

Barua yako mama ameisoma mwenyewe. Nilidhani atanilaumu tena. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Kwa hiyo saa ile mimi niko chini ya kisu, yeye anamchimbia mwanangu shimo." Asubuhi iliyofuata aliniambia nikuandikie uje umwone. Nikamwuliza baada ya hayo yote? Akasema, "Nitamgombeza uso kwa uso. Karatasini siwezi kupiga kelele."

Sikusamehe. Ulinitazama nikitembea kuelekea shimoni siku kumi na saba, ukanywa chai. Na mimi sikutegemei unisamehe ile Juni. Niliposema "atanisaidia" nilikuwa natetemeka, kama unataka kujua. Nilikuwa nakuomba. Ilitoka vibaya.

Ukija kumwona mama, njoo Jumatano. Jumatano mimi sipo.

Mpwa wako


8 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Ninakula, nalala, lifti zinapanda na kushuka.

Mwambie dada nimepata ruhusa ya siku tatu. Jumatano nina kazi. Nitakuja Alhamisi.

Mjomba wako